Derek Bryceson: Mbunge wa Kinondoni Aliyeanguka na Ndege Mara Mbili



Mhariri wa jarida letu aliponiagiza niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani anayehusiana na Kinondoni, wenzangu kadhaa walinipa majina ya wanasoka na wapiga muziki. Majina yao ni mazuri na zamu yao itafika. Mimi nimemchagua mtu ambaye vijana wengi wa leo hawajapata hata kumsikia, ingawa wazee wao walimpigia kura zaidi ya mara moja. Huyo ni hayati Derek Bryceson, Mbunge wa Kinondoni na Waziri katika Serikali ya Mwalimu. Nimemchagua pia kwa sababu ya mkasa mmoja wa ndege ndogo iliyoanguka katika kutua, mkasa ambao kila nikiusoma huniacha nikiwaza ningefanya nini mimi kama ningekuwa ndani ya ndege ile.

Derek Noel Maclean Bryceson alizaliwa tarehe 30 Desemba 1922 huko China, kwa wazazi Waingereza. Alisomea St Paul's School mjini London. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, naye akaingia katika jeshi la anga la Uingereza akawa rubani wa ndege za kivita. Hakurusha ndege muda mrefu. Akiwa na umri wa miaka 19 tu, yaani umri wa baadhi yenu mnaosoma kidato cha sita, ndege yake ilitunguliwa huko Mashariki ya Kati. Aliokolewa akiwa hai, lakini uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Madaktari walimwambia kwamba hatatembea tena maishani.

Hapo ndipo hadithi ya watu wengi ingeishia, kwenye kiti cha magurudumu. Bryceson alijifunza kutembea upya kama mtoto. Mguu mmoja ulikuwa umebakiwa na nguvu kidogo za kumpeleka mbele, na ule mwingine aliurusha kwa kutumia nyonga, huku akiegemea fimbo. Alitembea namna hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Gari aliendesha mwenyewe. Tafadhali, msomaji, usiisahau miguu hii miwili, maana tutairudia tutakapofika kwenye mto Ruaha.

Vita vilipokwisha alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea kilimo. Baadaye alikuja Kenya, akalima kwa muda wa miaka kama miwili, kisha akavuka mpaka na kupata shamba la ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa magharibi, ambako askari wastaafu wa Kiingereza walikuwa wakipewa ardhi. Si siri kwamba mashamba yale yalikuwa matunda ya ukoloni. Mzungu mwenye shamba zuri Kilimanjaro katika miaka ya 50 alikuwa na kila sababu ya kutaka mambo yabaki kama yalivyo, na majirani zake wengi ndivyo walivyotaka.

Yeye alikutana na Mwalimu Nyerere, na tangu hapo alifuata njia nyingine. Wanaokumbuka historia ya TANU wanajua shida ya uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ihesabike imeharibika. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU iliamua kuingia katika uchaguzi huo badala ya kuususia. Kwa uamuzi ule ikawa lazima wapatikane Waasia na Wazungu ambao chama kingeweza kuwaunga mkono bila wasiwasi. Bryceson alikuwa mmoja wao, na akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959, wabunge wa kuchaguliwa walipopewa uwaziri kwa mara ya kwanza, walikuwa watano: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Mwaka uliofuata, Mwalimu alipounda serikali yake akiwa Waziri Kiongozi, Bryceson alikabidhiwa Afya na Kazi. Baada ya Uhuru alishika kilimo kwa miaka mingi, wizara ambayo kwa nchi kama yetu haina usingizi. Mvua zikikosekana Waziri analaumiwa, na zikizidi analaumiwa vilevile.

Lakini uwaziri ni wa kuteuliwa, na mtu anaweza kusema kwamba Mwalimu alimpenda tu. Ubunge ni jambo jingine. Mwezi Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wako vigogo walioanguka katika uchaguzi ule. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu mzito wa Usukuma, aliangushwa. Bryceson aligombea hapa Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, katika mitaa ambayo wapiga kura wake karibu wote walikuwa Waafrika, akashinda kwa kura nyingi. Kinondoni ikaendelea kumrudisha Bungeni.

Nataka vijana walitazame jambo hili vizuri. Ilikuwa miaka minne tu tangu bendera ya mkoloni ishushwe. Rhodesia ya Kusini ilikuwa tayari mikononi mwa Ian Smith, ambaye alijitangazia uhuru wake wa wachache mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1965. Msumbiji vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na makao ya wapigania uhuru wake yalikuwa papa hapa mjini kwetu. Kila sababu ya kumkataa mtu kwa rangi yake ilikuwapo, na ingeeleweka. Mzungu anayetembea kwa kuchechemea, mwenye fimbo mkononi, akasimama mbele ya watu wa Kinondoni akaomba kura zao kwa Kiswahili, nao wakampa. Mimi naona sifa ya jambo hili ni ya wapiga kura kuliko ya mgombea.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 alitoka katika uwaziri akawa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa, huku akibaki Mbunge wetu. Hifadhi wakati ule zilikuwa zinaongezeka. Tarangire ilitangazwa mwaka 1970, Kilimanjaro 1973, Katavi 1974. Mtazame ramani ya nchi yetu, mtaona kwa nini Mkurugenzi hakuweza kuzitembelea zote kwa Landrover. Ilimbidi aingie tena katika ndege, safari hii ndege ndogo za injini moja zinazotua kwenye viwanja vya udongo porini. Sijui wangapi kati yetu, tukiwa tumevunjwa mgongo na ndege tukiwa na miaka 19, tungepanda nyingine kwa hiari.

Katika kazi hiyo alifahamiana kwa karibu na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, Kigoma, aliyefika huko mwaka 1960 na ambaye kazi yake ilisaidia Gombe kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Wote wawili walikuwa na ndoa za kwanza zilizokuwa zikielekea ukingoni, na kila mmoja aliona uzito wa kuanza maisha mapya.

Sasa tufike kwenye mkasa wenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1974. Bryceson, Jane na mwanawe mdogo, mtoto wa umri wa kuanza shule, walikuwa wakisafiri kwa ndege ndogo aina ya Cessna kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ndani walikuwamo wao na rubani. Ikiwa bado safari ndefu mbele yao, ulianza kutoka moshi mwembamba chini ya dashibodi, pale penye saa na mishale ya kumwongoza rubani.

Moshi katika basi ni usumbufu, maana dereva husimama kando ya barabara na abiria wakashuka. Hewani hakuna kando ya barabara. Chini yao palikuwa na vilima na miti, hakuna mahali pa kutua, na hivyo hapakuwa na la kufanya ila kuendelea na safari huku wote wanautazama ule moshi. Waliutazama kwa muda mrefu. Mama na mtoto wake, rubani na usukani wake, na Bryceson, ambaye kati ya wote hao ndiye pekee aliyekwisha kujua kwa mwili wake ndege inapoanguka inakuwaje.

Hatimaye waliuona mto Ruaha Mkuu na kiwanja cha ndege cha hifadhi kando yake. Rubani akaishusha ndege ili atue. Kiwanjani palikuwa na kundi la punda milia.

Hili si jambo la ajabu porini. Kiwanja cha ndege hukatwa majani, na wanyama wanaoliwa na simba hupenda mahali penye majani mafupi kwa kuwa wanaweza kumwona adui akiwa mbali. Kila rubani wa hifadhi analijua hilo, na dawa yake ni ya siku zote. Unapita chini mara moja juu ya kiwanja kwa kelele, wanyama wanakimbia, unazunguka, unarudi kutua. Ni dakika chache tu. Lakini dakika chache hizo ni nyingi sana kwa mtu aliyekaa muda wote ule akiuvuta moshi na kungojea moto. Rubani aliinua ndege kuwakwepa punda milia, kisha, badala ya kuzunguka, moyo ukamwishia. Akaamua kuishusha ndege upande wa pili wa mto, katikati ya miti na mawe, mahali ambapo hapakuwa na kiwanja chochote.

Bryceson, rubani wa zamani, alitambua mara moja kinachotaka kutokea, akapiga kelele kumkataza. Rubani hakumsikiliza, au labda hakuwa tena katika hali ya kumsikiliza mtu.

Vijana wa fizikia mtanielewa nikisema kwamba katika kutua, adui mkubwa ni mwendo. Ndege inayogusa ardhi kwa mwendo mara mbili ya ule unaotakiwa haina nguvu mara mbili, bali mara nne, na nguvu zote hizo lazima ziishie mahali fulani. Kiwanja kirefu kilichosawazishwa huzimaliza polepole kwa breki na magurudumu. Pori halina subira hiyo. Ndege iligusa chini kwa kasi kubwa mno, ikakimbia bila kutawalika, bawa likagonga mti, ikazungushwa, na mwisho ikasimama ikiwa imevunjikavunjika. Pengine mti ule ndio uliowaokoa, kwani ulikula sehemu ya mwendo ambao vinginevyo ungemalizikia mbele zaidi, kwenye kitu kigumu zaidi.

Rubani alikuwa wa kwanza kutoka. Alifungua mlango akaruka nje, huku akiwapigia kelele abiria watoke upesi kwani ndege italipuka. Tusimhukumu sana tukiwa tumekaa vitini, tukinywa chai. Hofu ni hofu. Lakini tufikirie wale aliowaacha ndani: mama, mtoto mdogo, na mwanamume ambaye miguu yake ilihitaji fimbo hata kwenye zulia la ofisi. Ndege imeinama, petroli imo mabawani, na kutoka kunahitaji kujikunja na kupanda juu ya viti. Mtoto akatolewa kwanza. Jane akatoka. Bryceson akatoka wa mwisho, kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, bila papara.

Ndege haikulipuka. Hakuna aliyeumia vibaya. Ila mkasa ulikuwa bado na mkia, maana walikuwa upande usio wao wa mto, na makao ya hifadhi, watu na magari vyote vilikuwa ng'ambo. Ruaha Mkuu ni mto wa mamba na viboko. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka katika baadhi ya miezi ya kiangazi, kwa sababu maji mengi hutumiwa mashambani huko juu, lakini mwaka 1974 ulikuwa bado haujajua kukauka. Iliwabidi wauvuke kwa miguu. Mtu aliyeambiwa na madaktari kwamba hatatembea tena aliingia majini, akavuka mto wenye mamba, akafika ng'ambo.

Kuna watu ambao ajali huwafanya waogope kila kitu baada yake. Kwa Bryceson na Jane ilikuwa kinyume. Walipofika salama waliona kwamba wamekuwa wakiahirisha maisha yao kana kwamba wana hazina ya miaka isiyokwisha, ilhali nusura yaishe yote kwa mara moja kandokando ya mto. Wakaamua kuoana. Walifunga ndoa mwaka 1975.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha tu. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakavamia kambi ya Gombe na kuwateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti. Wote wanne hatimaye walirudi salama, lakini wiki zile zilikuwa ngumu, na Bryceson, akiwa Mkurugenzi wa Hifadhi na mume wa mkuu wa kambi, alipata lawama kutoka pande zote: waliotaka fidia ilipwe upesi na waliotaka isilipwe kabisa. Baada ya hapo wageni hawakuruhusiwa tena kukaa Gombe kama zamani. Watu wengi wa nje walidhani utafiti umekufa. Haukufa, kwa sababu Watanzania wa vijiji vya jirani, ambao walikuwa wasaidizi wa watafiti, waliushika wenyewe, wakawafuata sokwe kila siku na kuandika. Bryceson, kwa Kiswahili chake na uzoefu wake wa kukaa na watu, alisaidia sana katika kuipanga kazi hiyo. Jane mwenyewe alikuwa akikiri kwamba bila mumewe Gombe isingesimama.

Hapa Dar es Salaam walikuwa na nyumba kando ya bahari, upande huu wetu wa kaskazini. Bahari ilikuwa na maana ya pekee kwa Bryceson. Nchi kavu alikuwa mtu wa fimbo, lakini akiingia majini uzito wa mwili unaondoka, na miguu ile haikumzuia kitu. Alipenda kuogelea juu ya matumbawe akiwatazama samaki.

Mwaka 1980 alianza kusikia maumivu ya tumbo. Ikaonekana ni saratani. Alipasuliwa Uingereza, kisha akapelekwa Ujerumani kutafuta tiba nyingine, na Jane alikuwa naye muda wote. Alifariki huko tarehe 12 Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 57. Wiki mbili baadaye, tarehe 26, Watanzania walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa wabunge tangu kuundwa kwa CCM, na Kinondoni ikampata mbunge mwingine.

Jane Goodall hakuolewa tena. Aliibakiza nyumba ile ya Dar es Salaam, akawa anakuja na kuondoka katika safari zake za dunia nzima, hadi yeye naye alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Bryceson hana kaburi ambalo mwanafunzi wa shule yetu angeweza kupelekwa kuliona. Majivu yake yaliletwa nyumbani yakamwagwa katika Bahari ya Hindi, mbele ya mji wetu, mahali alipozoea kuogelea.